Mvuvi wa Kayaki na Mwangwi wa Maji: Namna ya Kuchagua Zana za Kuvulia Besi

Kayaki ni mtumbwi mwembamba uliobuniwa na Wainuit wa nchi za baridi za kaskazini ya dunia, waliowamba ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao au mifupa ili wapate kuwinda baharini. Kayaki za kuvulia za siku hizi hufinyangwa kwa plastiki, na huko Marekani zimekuwa chombo cha wavuvi wengi wa mshipi, hasa wale wanaomtafuta besi mdomo-mkubwa, samaki mla-nyama wa jenasi ya Micropterus. Samaki huyu si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki: mwaka 1929 aliletwa kutoka Marekani na kutiwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, kwa ajili ya uvuvi wa michezo. Hata hivyo, kwao hasa ni mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini, na ni huko ambako mbinu za kumvua kwa kayaki zimeendelezwa.

Mfano unaofaa ni Lake Fork, bwawa la jimbo la Texas lililokamilika mwaka 1980, lenye eneo la karibu hektari 11,000. Maji yalipopanda, miti mingi iliachwa imesimama, na leo visiki vyake vimekuwa maficho ya samaki. Mwaka 1992 alivuliwa humo besi wa kilo 8.25, akaandikwa kuwa mkubwa kuliko wote waliopata kuvuliwa Texas. Mvuvi anayeingia katika maji kama hayo akiwa amekaa juu ya kayaki hukabiliwa na swali moja gumu: achukue nini, na aache nini? Maduka humpa jibu la kuchukua kila kitu. Fizikia humpa jibu lingine, na asiyelisikiliza aweza kupoteza fedha, samaki, au hata maisha yake.

Chombo na mizani yake

Kayaki ya kuvulia kwa kawaida huwa na urefu wa mita 3 hadi 4 na uzito wa kilo 30 hadi 50. Kila kitu kinachopakiwa hubadili mahali pa kitovu cha uzito. Kitovu kikiwa chini na katikati, chombo kikiinama hurudi chenyewe. Kikipanda juu au kikienda upande mmoja, mwinamo mdogo tu watosha kukipindua. Kwa hiyo vitu vizito, kama betri, hapana budi vilazwe chini kabisa, katika mstari wa katikati, na kufungwa visiteleze. Yafaa pia mzigo wote, pamoja na mvuvi mwenyewe, ubaki chini ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji.

Nanga nayo ina kanuni yake. Ikifungwa ubavuni mwa kayaki katika maji yanayokwenda kwa nguvu, kamba huuvuta ubavu huo chini huku mkondo ukiusukuma, na chombo hupinduka kwa kitambo kifupi. Yapasa kamba itokee omo au tezi, na kisu kiwe karibu na mkono. Hali kadhalika, ndoana ikinasa katika kisiki, mvuvi asiivute kwa ubavu, bali aigeuze kayaki kwanza ili kani ipite katika urefu wa chombo.

Kifaa cha kwanza kununuliwa si ufito wala chombo cha umeme, bali ni jaketi la kujiokolea. Taarifa za kila mwaka za walinzi wa pwani wa Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba, kati ya watu waliozama katika ajali za vyombo vya burudani, zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa wamevaa jaketi. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka majini.

Ufito, mshipi na chubwi

Mvuvi wa kayaki hukaa chini sana, karibu sawa na uso wa maji. Ufito wa urefu wa mita 2 hadi 2.2 humwezesha kuupitisha mshipi mbele ya omo samaki anapozunguka upande wa pili, na mpini mfupi haugongi jaketi. Fito mbili au tatu zatosha; kila unaozidi ni kitu kingine cha kunasa matawi.

Mishipi ya siku hizi ni ya aina tatu, na tofauti zake ni tofauti za maada. Nailoni ina densiti ya gramu 1.14 kwa sentimeta mchemraba, nayo huzama polepole. Hurefuka inapovutwa, kwa hiyo husamehe mshtuko wa ghafla, lakini hupunguza hisia za mkono. Nyuzi za polithini zilizosukwa zina densiti ya 0.97, yaani ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Hazirefuki karibu hata kidogo, na mguso mdogo wa samaki hufika mkononi mara moja. Aina ya tatu ni plastiki yenye florini, ambayo densiti yake ni 1.78, huzama upesi, na kwa kuwa huipinda nuru kwa kiasi kilicho karibu na kile cha maji kuliko nailoni, haionekani kwa urahisi. Kutokana na hayo, mshipi wa kusukwa wafaa kwa chambo kinachoelea na kwa kumng'oa samaki katika majani mazito, na ule wa florini wafaa kwa chambo kinachokokotwa chini katika maji maangavu.

Kwa chubwi, risasi ya densiti 11.3 imekuwa ikitumika tangu zamani. Tangsteni, yenye densiti ya 19.3, hutoa chubwi dogo zaidi kwa uzito ule ule, na kwa kuwa ni ngumu, hupeleka mkononi tofauti kati ya tope, changarawe na mti. Bei yake ni kubwa zaidi. Hata hivyo risasi ni sumu kwa ndege wa majini wanaoimeza, na baadhi ya majimbo ya Marekani yamepiga marufuku machubwi madogo ya risasi.

Breki ya gurudumu la kukunjia mshipi hukazwa kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 6, kwa mfano, hukazwa ili uanze kutoka kwa mvuto wa kilo 1.5 hadi 2. Msomaji ataona jambo la ajabu kidogo hapa. Mvuto wa kilo 2 ni sawa na kani ya nyutoni 20 hivi. Ikiwa kayaki na mvuvi ni kilo 125 kwa jumla, kani hiyo huweza kuipa kayaki mchapuko wa mita 0.16 kwa sekunde kila sekunde, kabla upinzani wa maji haujaupunguza. Kwa maneno mengine, samaki huikokota kayaki, na kayaki yenyewe inakuwa breki ya pili. Hiyo ni faida katika maji wazi, lakini kando ya visiki samaki aweza kumvuta mvuvi hadi ndani ya maficho yake.

Jinsi kipima-mwangwi kinavyofanya kazi

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ilidhihirika pia kwamba zikipewa umeme hubadili umbo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin alitumia sifa hiyo kupeleka sauti majini na kupokea mwangwi wake. Mwaka 1957 Mmarekani Carl Lowrance alianza kuleta kwa wavuvi wa kawaida chombo kidogo cha namna hiyo, ambacho hapa kitaitwa kipima-mwangwi.

Kanuni yake ni nyepesi. Kidude kilicho chini ya chombo, yaani kipeleka-sauti, hutoa mlio mfupi usiosikika kwa sikio la binadamu. Katika maji baridi yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri karibu mita 1,480 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, sauti imekwenda mita 14.8 kwenda na kurudi. Basi kina ni mita 7.4.

Sauti hurudi vizuri zaidi pale inapokutana na kitu kilicho tofauti sana na maji, na hewa ni tofauti mno. Samaki huonekana hasa kwa sababu ya kibofu cha hewa kilicho ndani ya mwili wake. Kwa sababu hiyo hiyo, mapovu yakikaa mbele ya kipeleka-sauti hukipofusha. Wapo wanaokibandika ndani ya kayaki ili sauti ipite katika plastiki. Njia hiyo yawezekana ikiwa hapana hata povu moja katika gundi, lakini sehemu ya nguvu ya sauti hupotea, na joto linalopimwa huwa la plastiki badala ya maji.

Mlio hutoka kwa umbo la pia. Kwa marudio ya kilohezi 200 na pembe ya nyuzi 20, kipenyo cha eneo linalosikilizwa ni karibu theluthi moja ya kina: penye mita 6, ni mita 2.1 tu. Marudio ya chini, kama kilohezi 50, hufika mbali na mara nyingi hupanua pia hiyo, lakini urefu wa wimbi lake ni karibu sentimeta 3, na hivyo halichori vitu vidogo vizuri. Besi huishi katika maji ya kina kifupi. Kwa mvuvi wake, kilohezi 200 zatosha. Vyombo vinavyotazama kando hutumia kilohezi 455 au zaidi, ambapo wimbi ni la milimeta 3 hivi, na huweza kuonyesha hata matawi ya mti uliozama.

Kusoma kioo

Kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani kwamba kioo ni dirisha. Ukingo wa kulia tu ndio unaoonyesha sasa. Kila kilicho kushoto kwake kimekwisha kupita. Kayaki ikitulia juu ya samaki mmoja aliyetulia, kioo kitachora mstari mrefu, na asiyejua atadhani ameona samaki mkubwa sana. Vilevile, samaki aliyelala karibu kabisa na sakafu hufichwa na mwangwi wa sakafu yenyewe.

Chombo hicho husema vizuri zaidi juu ya maji kuliko juu ya samaki. Sakafu ngumu hurudisha mwangwi wa nguvu, tope hurudisha hafifu. Wakati wa joto, maji ya maziwa mengi hugawanyika: ya juu ni ya vuguvugu, ya chini ni baridi na mara nyingi yamepungukiwa na oksijeni. Mpaka wa tabaka hizo waweza kuonekana kiooni kama ukungu mwembamba, na hapana faida kushusha chambo chini ya mpaka huo pale oksijeni ilipokwisha.

Tarakimu ya joto ndiyo isiyotazamwa sana, nayo ndiyo yenye maana kubwa. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakiwa baridi, besi hukitaka chambo kiende polepole, kwani hatatumia nguvu kukifukuza. Maji yakifika nyuzi 15 hadi 20 wakati wa majira ya kuchipua, madume huchimba viota katika maji ya kina kifupi na kuyalinda mayai. Anayejua hayo ataondoka penye kina na kuelekea ufukweni kabla hajaona samaki yeyote kiooni.

Katika miaka ya karibuni vimeuzwa pia vyombo vinavyotazama mbele na kuonyesha samaki akienda papo hapo. Uwezo wake ni mkubwa kiasi kwamba baadhi ya waandaaji wa mashindano ya besi wameviwekea mipaka. Kwa mwenye kayaki, hoja ya kwanza ni betri: vyombo hivyo hutumia umeme mwingi zaidi, na umeme ni uzito.

Hesabu ya betri

Kipima-mwangwi kidogo kinachotumia ampea 0.6, kikipewa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, kingeweza kufanya kazi kwa saa 11 na dakika 40. Lakini betri ya risasi na asidi huharibika upesi ikizoea kumalizwa kabisa, basi ihesabiwe nusu tu, yaani karibu saa 6. Uzito wake ni kilo 2.5 hivi. Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma ya ukubwa huo huwa na karibu kilo 1, na karibu umeme wake wote hutumika. Bei yake ni kubwa zaidi mwanzoni. Kwa vyovyote, fyuzi iwekwe karibu na ncha chanya ya betri, ili waya ukichubuka kusiwe na moto.

Mpango wa kuchagua

Kutokana na maelezo hayo, utaratibu wa busara ni huu: kwanza jaketi; pili kayaki inayoubeba mzigo bila kuelemewa; tatu fito mbili zenye mishipi ya aina mbili tofauti; nne kipima-mwangwi kidogo chenye kipimo cha joto. Kifaa chochote cha baada ya hapo kiulizwe: kinajibu swali gani ambalo vile vya kwanza havikulijibu, na uzito wake utawekwa wapi? Aidha, utaratibu huu ni wa maji kama ya Texas. Katika Ziwa Naivasha, ambako besi yupo, yupo pia kiboko, naye hupindua hata mashua kubwa. Huko swali la chombo hutangulia swali la zana.

Maswali ya kujipima

1. Mwangwi wa sakafu umerudi baada ya sehemu 8 za elfu moja za sekunde. Kina ni mita ngapi?

2. Penye kina hicho, pia ya nyuzi 20 inasikiliza eneo la kipenyo gani?

3. Kioo kinaonyesha mstari mrefu usiokatika katikati ya maji, na kayaki imetia nanga. Mvuvi aseme ameona nini, na atajuaje?