Unajenga Holili? Anza na shimo

Ukitoka Himo kuelekea mpaka wa Taveta, kila mwaka unakuta maboma mapya pande zote mbili za barabara. Mengine yana bati, mengine yameishia kwenye linta na mnyaa umeota sebuleni. Nimesimamia ujenzi juu kwenye migomba na huku chini tambarare kwa miaka mingi, na maswali ninayoulizwa hayabadiliki sana. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Shikamoo fundi. Nimenunua kiwanja karibu na barabara kuu, mwenyekiti wa kitongoji amegonga muhuri. Naweza kumwaga mawe?

Marahaba. Subiri kidogo. Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba aliyaona mauziano, basi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, kwa hiyo hakikisha jina lako limeingia kwenye muhtasari wa kikao chao na mtendaji anao. Kama eneo limeshapimwa viwanja, nenda Mkuu, ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Rombo, ukaone ramani kwa macho yako na uulizie kibali cha ujenzi.

Halafu chukua tepu ndefu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande, na zinahesabiwa kuanzia katikati ya barabara. Watu wengi hupima kuanzia ukingo wa lami au mtaro, na hapo ndipo X nyekundu inapowakuta. Nyekundu maana yake utabomoa kwa gharama yako. X ya kijani huwekewa wale waliokuwepo kihalali kabla hifadhi haijapanuliwa, hao hulipwa fidia. Kama kiwanja kinapakana na mto, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka uache mita 60. Na kwa ninyi mlio karibu na vigingi vya mpaka wa nchi, msichore hata ramani kabla ya kuuliza wilayani.

Neno moja kuhusu mipaka ya shamba. Juu mlimani isale likipandwa mpakani, hata mlevi haling'oi. Huku chini mpaka ni minyaa, tena minyaa ambayo kila mtu anaweza kuchomeka usiku. Weka mawe ya mpaka, na siku ya kuyaweka majirani wote wawepo.

Nyumba yangu ina miaka miwili. Ufa umeanzia kona ya dirisha unashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini. Fundi anasema ni plasta tu, anaziba kwa laki moja.

Asizibe. Ufa unaofuata viungo vya tofali kwa ngazi ni habari kutoka chini ya msingi, na ukiuziba umeinyamazisha habari.

Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe ukutani. Pima upana wake kwa rula sehemu mbili. Rudia kila mwezi, kiangazi na masika. Ukipanuka wakati wa jua kali na kujifunga wakati wa mvua, umejenga juu ya mfinyanzi mweusi. Ule udongo ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka hadi unaweza kuingiza mkono. Nyumba iliyokaa juu yake hainywi maji sawasawa: udongo wa pembezoni hulowa na kukauka upesi, wa katikati, ulio chini ya sakafu, hubaki kama ulivyo. Basi pembe zinapanda na kushuka, katikati imetulia, na ukuta unakatika pale ulipo dhaifu, yaani kwenye kona za madirisha na milango. Ufa ulio mpana juu kuliko chini kwa kawaida unakwambia mwisho wa ukuta umeshuka. Ukiwa mpana chini, katikati ndiyo imedidimia.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kazi ya kwanza ni kuyafukuza maji. Zungusha njia ya zege yenye upana wa mita moja, imwage nje, weka gata, na ule mkaratusi ulio hatua tatu kutoka chumbani uondoke. Nyumba nyingi hutulia hapo. Isipotulia, mwite mhandisi aliyesajiliwa. Usimwite mtu wa rangi.

Mimi ndiyo naanza. Fundi anasema msingi wa futi mbili unatosha, kaka yangu alijenga hivyo Marangu na nyumba imesimama.

Kaka yako amejenga juu ya udongo mwekundu wa mlimani unaopitisha maji. Wewe uko tambarare, ambako udongo unabadilika ndani ya kiwanja kimoja: kona hii changarawe ya volkano, kona ile mfinyanzi, katikati mwamba umejificha. Kujibu swali la kina kwa kutumia nyumba ya mtu mwingine ni kubahatisha.

Chimba mashimo mawili au matatu ya kupimia, kina cha mita moja na nusu, kabla hujanunua hata mfuko wa saruji. Kazi ya vijana wawili siku moja. Chukua udongo wa chini, uloweshe, uviringishe kwenye kiganja. Ukitengeneza kinyoka chembamba kama kijiti cha kiberiti bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Ukimomonyoka mapema, una kichanga na uko salama zaidi. Mfinyanzi ukiisha ndani ya mita moja, uchimbe wote upite, ukae kwenye udongo mgumu. Ukiona mita moja na nusu bado ni mweusi, acha kusikiliza ushauri wa kijiweni. Hapo panahitaji msingi wa nondo uliopigiwa hesabu, pengine jamvi zima la nondo.

Kosa jingine linafanyika baada ya msingi kupanda. Ule udongo mweusi uliochimbwa unarudishwa ndani ya nyumba kama kifusi, kwa sababu upo pale pale na ni wa bure. Sakafu itakubebea mawimbi kama bahari ya Tanga. Jaza changarawe au moramu, tabaka la sentimita 15 kwa 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Siku hiyo hiyo piga dawa ya mchwa kabla ya jamvi. Huku chini mchwa hawana utani.

Zege la linta langu lina matundu kama sega la nyuki, nondo zinaonekana. Saruji niliyonunua ni nzuri. Kosa ni nini?

Nitakueleza nilichokiona mwenyewe, maana nina hakika ndicho kilichotokea kwako. Saa saba mchana, jua limewaka. Saidia fundi anachanganya chini kwenye udongo, koleo zinahesabiwa kwa macho. Zege likawa gumu kubeba kwenye karai, fundi akapiga kelele kutoka juu, "Ongeza maji liteleze!" Kijana akamwaga dumu zima. Zege likateleza kweli. Ule uji wa saruji ukachuruzika kwenye mianya ya mbao ukaishia chini, kokoto zikabaki juu peke yao. Mbao zilipotolewa, sega la nyuki.

Pima kwa ndoo ya lita 20. Kwa zege la linta na nguzo, mfuko mmoja wa kilo 50 unakwenda na mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, na maji lita 25 hivi, yaani ndoo moja na robo. Mchanga ukiwa na unyevu, maji yapungue. Likiwa gumu kubeba, lishindiliwe kwa kipande cha nondo likiwa ndani ya mbao, lisiongezewe maji. Nondo zisilale juu ya ubao. Ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ili zipate kifuniko cha angalau sentimita mbili na nusu kila upande.

Sasa sehemu ya pili, ambayo Holili inapaswa kuielewa kuliko mji mwingine. Ile pozolana inayochimbwa hapo kwenu, majivu ya volkano, inakwenda viwandani kusagwa pamoja na klinka. Saruji yenye pozolana ni nzuri na inadumu, lakini inakomaa taratibu na inataka maji muda mrefu. Wajenzi wengi humwagilia siku mbili, tena asubuhi tu, kwa sababu maji yananunuliwa kwa dumu. Basi zege linanyweshwa maji mengi siku lisipoyahitaji, linanyimwa siku linayoyalilia. Mwagilia siku saba kwa uchache, kwa saruji ya pozolana fika kumi hadi kumi na nne. Kama maji ni ghali, funika kwa magunia au majani makavu ya migomba, nailoni juu yake, na dumu mbili zitafanya kazi ya kumi. Vigogo vinavyoshikilia linta visitolewe kabla ya wiki mbili, hata kama fundi anavihitaji kwenye kazi nyingine.

Na saruji yenyewe, soma mfuko. 42.5 ni ya zege la nondo, 32.5 inatosha kwa plasta na kujengea tofali.

Linta lazima izunguke nyumba nzima? Fundi anasema tukiweka juu ya madirisha na milango tu tunaokoa nondo.

Izunguke. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera liliua watu na kuangusha nyumba nyingi Bukoba na vijiji vyake, na nyingi zilikuwa za tofali au mawe yasiyofungwa na mkanda wowote. Sisi hatuko mbali na mambo hayo: Julai 2007, Ol Doinyo Lengai ilipokuwa inachemka, mitetemeko kutoka upande wa Gelai ilisikika hapa Moshi hadi Nairobi. Mkanda wa zege unaozunguka unazifunga kuta nne ziwe kitu kimoja. Unasaidia pia kwenye mfinyanzi.

Ukinunua nondo, uzipime kwenye mzani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.6. Ikija kilo nane, umeuziwa nyembamba kwa jina la nene, awe aliyekuuzia yuko Himo au ng'ambo ya geti.

Tofali za kuchoma au bloku?

Zote zinafaa zikiwa nzima. Bloku ya inchi 6, mfuko mmoja utoe 25 hadi 30; anayekutolea 50 anakuuzia mchanga. Idondoshe moja kutoka usawa wa kiuno. Ikisambaratika, rudisha lori.

Bati geji 30 au 28? Na kwa nini paa la jirani lina mawimbi?

Namba ikipanda bati linapungua unene, kwa hiyo 28 ni nene kuliko 30. Kwa upepo wa huku chini ningechukua 28, lakini upepo huondoka na kenchi kabla ya kuondoka na bati. Fungia kenchi kwenye mkanda kwa vyuma vilivyozamishwa ndani ya zege, maana misumari peke yake haitoshi. Mawimbi ya jirani ni mbao mbichi. Msindano unaotoka mashamba ya Rongai ukipigwa misumari ukiwa na maji, unajikunja ukikauka. Zipange kivulini wiki kadhaa, na ziwe zimetiwa dawa.

Gata ni lazima? Mvua zenyewe hapa ni za kuhesabu.

Kwa sababu hiyo hiyo. Mvua ya milimita 20 ikidondoka kwenye bati la mita za mraba 100 ni lita 2,000, simtanki moja kwa usiku mmoja. Usipoyakinga, maji hayo yote yanaangukia kwenye msingi wako, halafu kesho yake unanunua dumu.

Niko Dar, natuma pesa kwa shemeji. Nataka Krismasi hii tulale ndani.

Krismasi ipi? Huu ndio ugonjwa wetu Wachaga: ukoo unarudi Desemba, na nyumba inalazimishwa kuwahi basi. Boma linapauliwa Novemba, plasta inapigwa vuli likinyesha, rangi inapakwa tarehe 20. Kufikia Pasaka rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka, kwa sababu plasta ilitaka wiki nne kukauka. Ningekuwa wewe ningechimba msingi Juni masika yakiisha, ningepandisha boma Julai hadi Septemba, ningepaua kabla ya vuli, na wageni ningewapeleka kwa mama mwaka mmoja zaidi.

Shemeji usimlaumu kabla hujamlipa. Mtu anayesimamia bure atakwenda akipata nafasi, na zege halimsubiri. Mlipe, umtake picha za kila hatua zenye tepu ndani yake: kina cha msingi, nondo kabla ya zege, ndoo za kupimia. Fundi mlipe kwa hatua iliyokaguliwa, na sehemu ya kumi ya malipo ibaki mkononi mwako hadi masika ya kwanza yapite juu ya bati.

Kwa mwenye kiwanja ambaye hajaanza: chimba lile shimo la kupimia kabla ya vuli, weka miba juu watoto wasitumbukie. Mvua ya kwanza ikinyesha, nenda kesho yake ukaangalie kama maji bado yamo. Yakiwa yamo siku ya tatu, nipigie simu kabla ya kumpigia muuza mawe.