Nanga Nyepesi: Ijaribu Kabla Hujailalia Usiku

Nanga ya chuma ya kilo 15 na nanga ya aluminiamu ya kilo 7 zinaweza kuwa na makombe ya ukubwa mmoja. Kwa mvuvi anayeng'oa nanga kwa mikono mara nyingi kwa siku, tofauti hiyo ni afya ya mgongo. Kwa boti ndogo, ni mzigo uliopungua omoni. Basi atakayeletewa nanga nyepesi asiicheke, wala asiikabidhi chombo chake siku hiyo hiyo.

Uzito peke yake haushiki chombo, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Aluminiamu ina uzito wa takriban mara 2.7 ya maji, chuma karibu mara 7.8. Ikizama, nanga ya aluminiamu hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, ilhali ya chuma hupoteza kama sehemu moja ya nane. Kwa hiyo nanga nyepesi haikai chini kwa ubishi wa uzito kama jiwe. Inafanya kazi kama jembe: kombe linaingia ardhini, na kadiri kamba inavyovuta kwa ulalo ndivyo linavyozidi kuchimba. Likishindwa kuingia, huna nanga, una bapa linaloteleza mchangani.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, mtaalamu wa hisabati wa Cambridge, Uingereza, alibuni nanga yenye umbo la plau, iitwayo CQR, akiwa na ndege za majini akilini, maana hizo haziwezi kubeba chuma kizito. Huko Marekani, Richard Danforth alitengeneza nanga ya makombe mawili mapana iliyotumika kwenye vyombo vya kushushia askari ufukweni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nanga nyingi za aluminiamu za leo zimefuata umbo hilo.

Mwaka 2014 kampuni ya Fortress ya Marekani ilifanya majaribio katika tope laini la Ghuba ya Chesapeake. Nanga yao ya aluminiamu makombe yake yanaweza kufunguliwa nyuzi 32 kwa mchanga au nyuzi 45 kwa tope laini. Ilipowekwa nyuzi 45 ilishika kwa nguvu zaidi kuliko ilipowekwa 32, ingawa uzito haukubadilika hata gramu. Anayesoma matokeo hayo akumbuke kwamba aliyeyagharamia ndiye muuzaji. Akumbuke pia kwamba tope la Chesapeake si mchanga wa Nungwi wala tope la mikoko ya Rufiji. Jaribio la kuaminika ni lile unalolifanya mwenyewe, juu ya ardhi ile ile unayotia nanga kila siku.

Chagua mahali pa mchanga mtupu, kisha siku nyingine pa tope. Usijaribu juu ya matumbawe wala majani ya bahari. Nanga inayovutwa kwa injini huvunja kwa dakika moja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na humo ndimo samaki wako wanamozaliana. Ukiwa ndani ya eneo la hifadhi, kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, uliza kwanza ni wapi kunaruhusiwa kutia nanga.

Vifaa si vingi. Unahitaji kamba ile ile utakayoitumia kazini, mita chache za mnyororo kati yake na nanga, kamba nyembamba yenye boya iliyofungwa upande wa makombe ili uweze kuichomoa nanga ikinasa, miwani ya kuzamia, na mizani ya kuning'iniza inayopimia magunia sokoni. Funga mizani kati ya kamba na omo, na pembeni yake pitisha kamba nyingine iliyolegea, ili mizani ikikatika chombo kisiende na maji. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Kamba ya nailoni hunyumbuka, na ikikatika hurudi kwa kasi ya kuvunja mfupa, kwa hiyo asisimame mtu katika mstari wake. Na kamwe usifunge nanga tezini: chombo kidogo kikivutwa kwa nyuma mawimbi huingia na kukizamisha.

Pima kina, shusha nanga taratibu mpaka iguse chini, kisha acha chombo kirudi nyuma huku ukitoa kamba. Nanga ya kurusha hujizongea kamba yake, na iliyo nyepesi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu chombo kikiwa na mwendo inaweza kupeperuka majini bila kugusa chini. Kamba ikishatoka ya kutosha, ifunge, subiri inyooke, kisha tia injini rivasi kwa nguvu ndogo. Weka kiganja juu ya kamba. Ikitulia na kukaza, nanga imeshika. Ikitetemeka au kurukaruka, inaburura. Huku ukiongeza mafuta kidogo kidogo, soma mizani na angalia alama mbili za nchi kavu zilizolingana, mnazi na paa la msikiti kwa mfano, kama unavyotafuta mwamba wa kuvulia. Zikiachana, chombo kinasogea. Maji yakianza kupanda juu ya tezi, punguza mara moja. Pakiwa pafupi na maji meupe, mtu azame aone kama makombe yamefukiwa au yamelala ubavu, lakini injini izimwe kwanza.

Sasa tuje kwenye urefu wa kamba, ambao ndio unaoangusha nanga nzuri. Kanuni ya kawaida ni kamba mara tano mpaka saba ya kina, na kina hicho kihesabiwe kuanzia omo, si kuanzia usawa wa maji. Chukua mfano. Maji yametoka, kina ni mita 5, omo iko mita 1 juu, unatoa kamba mita 30. Hiyo ni mara tano, sawa kabisa. Lakini katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda karibu mita 4. Yakijaa, jumla ni mita 10, na kamba ile ile sasa ni mara tatu tu. Mvuto umeinuka, kombe linachomolewa badala ya kuchimba, na wewe umelala. Nanga nzito hapo ina msaada wa uzito wake, nyepesi haina. Kwa hiyo jaribu maji yakiwa yamejaa, kwa kamba unayoitoa kweli, si ile unayotamani kuitoa.

Halafu kuna jaribio ambalo wauzaji hawalitaji sana: maji kugeuka. Nanga ikishashika, zunguka na uvute kutoka upande wa pili. Nanga nyepesi za makombe mawili zinaweza kuchopoka hapo, zikanasa nyasi au kipande cha jiwe katikati ya makombe, zisishike tena. Kwa anayevua dagaa usiku kucha kwenye mkondo, jaribio hili lina uzito kuliko namba yoyote ya mizani. Rudia mara kadhaa. Ikikataa kushika upya hata mara moja, usiiache peke yake usiku.

Kuhusu namba zenyewe, kumbuka kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya chombo huongezeka mara nne. Nanga iliyoshika vizuri kwenye utulivu wa asubuhi haijathibitisha lolote kuhusu kusi ya mwezi wa saba.

Baada ya jaribio, kagua kama mti wa nanga umepinda na kama boliti zimelegea. Pini ya shakeli ifungwe kwa waya. Aluminiamu ikigusana na chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi huliwa polepole, hivyo ioshe kwa maji baridi na ukague viungo kila mwezi.

Nanga nyepesi iliyofaulu mchangani, kwenye tope, maji yakijaa na maji yakigeuka, ni nanga ya kutumia. Ile ya zamani usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Ibaki chomboni na kamba yake, tayari kushushwa.