Mlinzi wa Kuku: Kanga au Mbwa?

Katika vijiji vingi vya Kyela, nyumba zimezungukwa na migomba na mikakao. Kivuli hicho hustawisha kakao, lakini pia huwaficha nguchiro na kicheche. Mfugaji atakaye mnyama wa kulinda kuku hana budi kwanza kujua adui huja saa ngapi.

Vifaranga wakipotea mchana, hasa kwa mwewe, kanga hufaa. Huona mbali, na kelele zake huwakimbiza kuku mafichoni. Hata hivyo, kanga ni mpiga mbiu tu, si askari. Na giza likiingia hupanda mtini kulala. Kanga anunuliwaye akiwa mkubwa hutoroka kwa urahisi. Ni heri mayai yake yaatamiwe na kuku wa nyumbani, bila kuchanganywa na ya kuku: ya kanga huanguliwa kwa siku 26 hadi 28, ya kuku 21.

Kuku wakiibwa usiku, ahitajikaye ni mbwa, aliyezoeshwa vifaranga tangu udogoni na kukaripiwa kila awafukuzapo. Mbwa mwenye njaa hula mayai, na lawama ikamwangukia kicheche. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, kwani dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kanga nao huugua mdondo. Wachanjwe pamoja na kuku kila baada ya miezi mitatu, kwa maelekezo ya afisa mifugo wa kata.

Banda nalo lizibwe matundu na kufungwa kabla ya magharibi, hata penye mbwa hodari.