Ng'ombe walifika, cheti hakipo

*Mimi ni Mtanzania wa Tarime, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai Nyamira kwa miaka sita, kwa kibali cha kazi. Nimeoa Mkisii miaka minne iliyopita, mahari nilitoa. Mkataba unaisha karibuni. Je, naweza kupata ukaazi wa kudumu? – Fundi, Nyamira*

Ndugu Fundi, unaogopa kwamba kazi ikikatika, na haki ya kuishi na mkeo itakatika. Kibali chako kimefungwa kwa mwajiri, ndiyo maana. Ukaazi wa kudumu haufungwi hivyo.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inadai miaka saba ya vibali vya kazi, na mitatu ya mwisho uwe umeishi Kenya mfululizo. Hapo hujafika. Lakini mwenzi wa Mkenya anahitaji miaka mitatu tu ya ndoa, nawe umeipita.

Kikwazo ni ushahidi. Ng'ombe walifika kwa wakwe, wazee wakashuhudia, lakini Uhamiaji watataka cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila, mradi isajiliwe. Anzeni kwa msajili wa ndoa, wewe na mkeo, hata wiki hii. Kisha ombi lenyewe hutumwa mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji. (Anayekuahidi njia ya mkato mjini Kisii, mwache aendelee na safari yake.)

Ombi likiwa njiani, usiache kibali kife. Kukaa bila kibali ni kosa. Mwajiri akikataa kukihuisha, muone wakili kabla tarehe haijapita.