Kubadili nozeli za injini ya 1HZ kwa njia za Lusangi

Nozeli ya injini ya dizeli ni kipande kifupi cha chuma kinachofungwa kwenye silinda hedi ili kunyunyiza mafuta ndani ya injini. Ndani yake mna sindano inayokandamizwa na springi. Pampu inaposukuma mazutu, yaani dizeli, shinikizo hupanda hadi kuishinda springi. Sindano huinuka, mafuta hutoka kama ukungu, kisha sindano hurudi na kuziba. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, magari yanayostahimili njia za Kasongo, Lusangi na Kabambare mashariki mwa Kongo, hutumia injini ya 1HZ. Injini hiyo ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, na Toyota ilianza kuiuza mwaka 1990. Haitoki kiwandani na turbo.

Kabla ya kununua nozeli mpya, ieleweke kwamba katika injini hii nozeli haipimi mafuta. Inayopima ni pampu. Nozeli huyapokea na kuyanyunyiza tu. Injini ya petroli inayoongozwa na kompyuta ni kinyume chake. Kompyuta huifungua nozeli kwa muda uliopangwa, kwa hiyo nozeli yenye tundu kubwa hupitisha mafuta mengi zaidi kwa muda uleule. Kwenye 1HZ, tundu lisilolingana na injini huleta matone na moshi. Gari likipata nguvu baada ya kubadilishiwa nozeli, mara nyingi limerudishiwa nguvu lilizokuwa limezipoteza.

Nozeli iliyochoka hujulikana mapema. Injini huwaka kwa shida asubuhi, hutetemeka ikiwa kwenye sailensa (ikinguruma taratibu), hugonga kwa mlio mkavu, hutoa moshi mweusi mlimani na hula mafuta mengi kuliko kawaida. Kuipata iliyo mbovu kati ya sita ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, kisha huikaza na kwenda kwa inayofuata. Silinda nzima ikikatiwa mafuta, mlio wa injini hubadilika papo hapo. Ikiwa mlio haubadiliki, silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi, na nozeli yake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Wakati wa jaribio hili nati hufunikwa kwa kitambaa kizito, na mkono huwekwa mbali.

Kazi ya kufungua huanza kwa usafi. Vumbi jekundu la barabarani hujaa kwenye mashina ya nozeli, na punje moja ikiingia ndani inatosha kuiharibu nozeli mpya. Sehemu yote huoshwa kwa brashi na mazutu safi, kisha hupulizwa kwa upepo. Mabomba ya shinikizo hufunguliwa kwa spana ya 17, na kila mdomo ulioachwa wazi huzibwa. Bomba dogo la marejeo huondolewa, ndipo nozeli hufunguliwa kwa soketi ndefu ya 27. Hupangwa kwenye ubao kwa namba za silinda zake, kwa sababu masizi ya kila moja hueleza hali ya silinda ilikotoka. Washa za chini huchomolewa zote. Hizo hazirudishwi, hununuliwa mpya.

Nozeli hupimwa kwenye pampu ya mkono yenye geji. Mambo manne huangaliwa. La kwanza ni shinikizo la kufungukia: nozeli ya 1HZ iliyokwisha kutumika hufunguka karibu na kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, na zote sita zinapaswa kukaribiana. La pili ni umbo la mnyunyizo: ukungu mwembamba ulionyooka, usiotoka kama mshipa wala kupinda upande. La tatu ni mlio: nozeli nzima hutetema kwa sauti kali mkono wa pampu unapokandamizwa. La nne ni kuvuja: shinikizo likishikiliwa kilo 10 hadi 20 chini ya lile la kufungukia, ncha haitakiwi kudondosha tone kwa sekunde 10. Kidole kisiwekwe kamwe mbele ya nozeli inayopimwa. Mnyunyizo huo hupenya ngozi na kuingiza mafuta mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama la mwiba huhitaji daktari siku hiyohiyo.

Mara nyingi kinachobadilishwa ni ncha tu, na mwili wa nozeli hutumika tena. Namba iliyochongwa kwenye ncha ya zamani ilinganishwe na ya mpya kabla ya kulipa. Ncha za 1HD-T, injini ya ukoo huohuo iliyotoka kiwandani na turbo, hazifai, kwa kuwa hiyo hunyunyizia moja kwa moja juu ya pistoni, ilhali 1HZ hunyunyizia ndani ya chumba kidogo cha awali. Sindano na ala yake husagwa pamoja kiwandani, hivyo ya huku haichanganywi na ya kule. Ncha nzuri huonekana hivi: ioshwe kwa mazutu, isimamishwe wima, sindano ivutwe theluthi moja na kuachiwa. Itateremka yenyewe, polepole, bila kukwama. Shinikizo likiwa chini, shimu nene zaidi huwekwa juu ya springi. Likizidi, huwekwa nyembamba, kisha nozeli hupimwa upya.

Wakati wa kurudisha, nozeli huanzwa kwa mkono na kumaliziwa kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Mabomba hushikizwa bila kukazwa. Pampu ndogo ya juu ya filta hupigwa hadi iwe ngumu, starta huzungushwa mpaka mafuta yasiyo na mapovu yatoke kwenye kila nati, ndipo nati zote hukazwa.

Anayetaka kufunga turbo afuate mpangilio: nozeli nzima kwanza, hewa baadaye, mafuta mwisho. Mafuta huongezwa kwa skrubu ya pampu, kidogokidogo, huku kipimajoto cha egzosi kikiangaliwa. Mafundi wengi huchukua nyuzi 700 za Selsiasi, kabla ya turbo, kuwa kikomo kwenye mlima mrefu. Joto likizidi hapo, silinda hedi na vyumba vya awali huweza kupasuka, na pistoni kuungua. Kwa vile pampu ya 1HZ haina kifaa cha kuhisi upepo wa turbo, mafuta yaliyoongezwa hutoka hata kabla turbo haijaanza kusukuma; moshi mweusi gari linapoondoka ni dalili kwamba skrubu irudishwe.

Yote haya huharibika upesi mafuta yakiwa machafu. Mazutu yanayofika kwa mapipa na bidoni, na kuuzwa kando ya njia na wachuuzi wa mafuta waitwao kadhafi, yanaweza kubeba maji na mchanga. Kiasi kidogo kitiwe kwenye chupa angavu na kuachwa usiku kucha: maji hujitenga chini, mpaka wake ukaonekana wazi. Pipa nalo lisimame bila kuguswa, mpira wa kunyonya usifike chini, na mafuta yachujwe yanapoingia tangini. Maji ya filta hutolewa kwa skrubu ya chini kila baada ya safari ndefu, hasa masika. Filta mpya ni rahisi kuliko nozeli moja, na gari linalokwenda Kabambare libebe moja ya akiba.