SOMO LA WIKI: Meza ya mninga na hewa kavu ya ng'ambo

Fundi wa Chang'ombe anayepata oda ya meza kutoka Canada au Marekani afahamu kwanza meza hiyo itakaa katika hewa gani.

Unyevu wa hewa Dar es Salaam mara nyingi ni asilimia 70 hadi 80, na mbao zilizoanikwa kivulini hubaki na maji asilimia 14 hivi. Huko, wakati wa baridi, mambo ni kinyume. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri haibebi zaidi ya gramu 2.4 za maji kwa mita ya ujazo. Ikipashwa ndani hadi nyuzi 20, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 15. Hata mninga, unaosifika kwa kutulia, hupinda na maungio kuachia. Mteja hudai fedha zake, na nauli ya meli imekwishalipwa.

Ndiyo maana baadhi ya wenye nyumba hufunga kiongeza unyevu kwenye mkondo mkuu wa hewa ya moto. Maji hulowesha kichujio, hewa hupita humo na kusambaza unyevu vyumba vyote, kiasi cha asilimia 30 hadi 40. Ukizidi, madirisha hutoka jasho na kuvu huota.

Muuzaji aulize kama kifaa hicho kipo kabla ya kukubaliana bei. Mbao azikaushe kwenye tanuri hadi asilimia 8, na meza ikikamilika aifunge kwa nailoni siku hiyohiyo. Ikiachwa wazi Chang'ombe wakati wa masika, hunywa maji upya.