Kifafa Hutoka Kwenye Ubongo

Siku moja kijana aliletwa kwenye zahanati yetu akiwa ameungua mkono vibaya. Alishikwa na kifafa akaangukia motoni. Watu walikuwapo, lakini hakuna aliyemgusa. Waliogopa povu. Mama yake alikuwa amekwenda kuteka maji, naye ndiye aliyemvuta aliporudi.

Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Ni ugonjwa wa ubongo. Basi na tuutazame ubongo.

Ubongo ni laini, nao umehifadhiwa ndani ya fuvu la kichwa. Ndio unaofikiri, unaokumbuka na unaoamrisha mwili. Kutoka kwenye ubongo, kamba laini yenye unene kama kidole kidogo hushuka ndani ya mifupa ya mgongo. Huitwa ugwe mgongo. Kutoka hapo mishipa ya fahamu huenda mikononi na miguuni. Ukikanyaga mwiba, habari hufika kwenye ugwe, na mguu huinuka hata kabla ubongo haujasikia maumivu!

Nusu ya kushoto ya ubongo huamrisha upande wa kulia wa mwili. Mama alinieleza kwamba mwanawe huanza kutetemeka mkono wa kulia. Hapo nilifikiri kuwa hitilafu iko kushoto. Sehemu hiyo ikitoa amri ovyo, mwili hutetemeka bila mwenyewe kutaka. Hicho ndicho kifafa.

Hitilafu hutoka wapi? Sababu ni nyingi: kuumia kichwa, homa kali ya malaria, shida wakati wa kuzaliwa. Lakini huku kwetu Mbulu na Hanang iko moja ya kuangaliwa sana, nayo ni tegu wa nguruwe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2004 ulikagua ndimi za nguruwe katika vijiji 21 vya Mbulu. Zaidi ya nguruwe 1 kati ya kila 6 alikuwa na vifuko vya tegu.

Mtu akila nyama yenye vifuko ambayo haikuiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo chake. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho. Mtu naye akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, maji au mboga, vifuko huweza kuota ndani ya ubongo wake. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kamwe anaweza kupata, kama jirani yake hana choo.

Mtu akianguka kifafa, mwondoe motoni upesi. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimkandamize. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe kwa mganga mara moja.

Dawa ya kifafa ipo. Humezwa kila siku, hata siku ambazo mgonjwa ni mzima. Kijana wetu anaimeza, na mwaka huu amelima na wenzake.